Maswali ya Wasomaji: Jino Lililotunga Usaha, Utando Mweupe na Maambukizi Mengine ya Kinywa

Barua zilizotufikia kuhusu afya ya kinywa ni nyingi kuliko nafasi ya safu hii, na nyingi kati yake zinasimulia mwenendo ule ule: ugonjwa ulianza kwa maumivu, ukatulizwa kwa dawa ya dukani, ukanyamaza, kisha ukarudi ukiwa mkubwa zaidi. Tumechagua chache zinazogusa watu wa rika mbalimbali, tukazifupisha na kuacha majina ya waandishi. Majibu yametolewa na daktari wetu wa kinywa na meno.

Daktari, shikamoo. Gego langu la chini upande wa kulia limetoboka tangu mwaka juzi. Kila likivimba hununua vidonge vya rangi mbili kwenye duka la dawa, nikameza siku tatu, uvimbe ukashuka. Safari hii nimemaliza dozi mbili na shavu bado limejaa. Wenzangu kazini wanasema jino haling'olewi likiwa limevimba. Je, niongeze dawa au nisubiri uvimbe uishe? (Fundi seremala, Morogoro)

Marahaba, ndugu yangu. Usiongeze dawa wala usisubiri. Nenda ukaonwe na daktari wa meno leo, au kesho asubuhi ikishindikana leo, na uchukue maganda ya dawa zote ulizokwisha kumeza ili asikuandikie tena kile ambacho hakikukusaidia.

Ndani ya kila jino kuna nafasi nyembamba yenye mishipa ya damu na ya fahamu, ambayo tunaiita kiini cha jino. Tundu lisipozibwa, bakteria hushuka mpaka humo, kiini huvimba, na kwa kuwa kimezungukwa na kuta ngumu zisizotanuka, maumivu yake huwa ni yale yanayomwamsha mtu usiku wa manane na kumzungusha chumbani huku ameshika shavu. Baada ya siku kadhaa au majuma kadhaa kiini hufa. Hapo maumivu hukatika ghafla na mgonjwa humshukuru Mungu akidhani amepona, kumbe kilichonyamaza ni mshipa wa fahamu tu, na bakteria wamebaki ndani ya jino lililokufa, wakipenya kwenye ncha ya mzizi na kutunga usaha katika mfupa wa taya.

Sasa fuatilia safari ya kidonge chako. Antibiotiki husafirishwa na damu, na jino lililokufa halina tena damu inayopita ndani yake. Kwa hiyo dawa hufika kwenye shavu na kwenye nyama zinazolizunguka jino, huwapunguza bakteria waliokwisha kutoka nje, na uvimbe hushuka. Lakini wale waliomo ndani ya mzizi hawaguswi, nao huanza upya mara tu unapoacha dawa. Dozi za siku tatu zinazokatizwa mara shavu linapopungua huongeza tatizo jingine, kwa maana bakteria wanaosalia mara nyingi ni wale sugu, na hiyo huenda ndiyo sababu mojawapo ya vidonge kutofua dafu safari hii.

Tiba yenyewe ni kuondoa chanzo. Usaha hutolewa kwa kupasua jipu au kupitia ndani ya jino. Kisha jino ama husafishwa mzizi wake na kuzibwa, ikiwa bado lina mwili wa kutosha, ama hung'olewa. Antibiotiki huongezwa pale tu ambapo maambukizi yameanza kusambaa, mgonjwa ana homa, au kinga ya mwili wake ni dhaifu. Lile la kwamba jino haling'olewi likiwa limevimba lina chembe ya ukweli iliyokuzwa kupita kiasi. Sehemu yenye usaha huwa na asidi, nayo huifanya sindano ya ganzi ifanye kazi kwa udhaifu, hivyo daktari anaweza kuchoma ganzi mbali zaidi kwenye mshipa mkuu wa taya, au kutoa usaha kwanza na kukuambia urudi baada ya siku chache. Uamuzi huo ni wake akishakuona, na usikufanye ubaki nyumbani.

Kuna dalili ambazo zikitokea huendi tena kliniki ya meno, bali unakwenda moja kwa moja hospitali kubwa, hata kama ni usiku: uvimbe ulioshuka chini ya taya na shingoni ukawa mgumu, kushindwa kufungua kinywa, ulimi kuinuka, mate kukutoka kwa sababu kumeza kunauma, sauti kubadilika, kupumua kwa shida, au homa kali yenye kutetemeka. Maambukizi ya namna hiyo chini ya ulimi huitwa angina ya Ludwig, kwa jina la daktari Mjerumani aliyeyaeleza mwaka 1836, na huua kwa kuziba njia ya hewa, wakati mwingine ndani ya saa chache. Kwa meno ya juu, uvimbe unaopanda hadi kulifumba jicho nao ni wa dharura, kwa kuwa maambukizi yanaweza kupita kwenye mishipa ya damu ya uso na kufika kwenye ubongo.

Kwa maumivu ya njiani, parasetamoli yatosha, kwa mtu mzima vidonge 2 vya miligramu 500 kila baada ya saa 6 na si zaidi ya 8 kwa siku. Karafuu ina mafuta yanayotia ganzi kidogo, nami siwakatazi wanaoitafuna wakisubiri usafiri, alimradi wasidhani imetibu. Aspirini haiwekwi kwenye ufizi, kwani huuchoma na kuacha kidonda cheupe. Na wale wanaodondosha maji ya betri kwenye tundu ili kuliua jino, hulipata walilotaka pamoja na ufizi na mfupa uliooza kando yake.

Mwanangu ana wiki 6 na ananyonya maziwa yangu tu. Ulimi wake na ndani ya mashavu kuna utando mweupe kama mtindi. Mama mkwe anausugua kwa kitambaa chenye asali na chumvi, lakini unarudi, na sasa mtoto analia kila akishika titi. Chuchu zangu nazo zinawaka. (Mama wa mtoto wa kwanza, Tanga)

Hongera kwa mtoto, mama. Maziwa yaliyoganda kwenye ulimi hufutika kwa urahisi na kuacha ulimi safi. Utando wa fangasi hung'ang'ania, huenea hadi ndani ya mashavu, kwenye fizi na kwenye kaakaa, na ukiulazimisha kutoka huacha sehemu nyekundu inayochuruzika damu. Maelezo yako, pamoja na kuwaka kwa chuchu, yanaelekea zaidi kwenye fangasi aitwaye kandida, ambaye huishi vinywani mwa watu wengi bila madhara na huwasumbua watoto wachanga kwa sababu kinga yao bado haijakomaa.

Kusugua kukome leo. Kunachubua ngozi laini ya kinywa na kufungua njia kwa bakteria, na hiyo ndiyo sababu mtoto analia akinyonya. Asali asipewe mtoto yeyote aliye chini ya miezi 12, hata ya kulambishwa kidogo, kwa kuwa inaweza kubeba mbegu za bakteria ambao kwenye utumbo wa mtoto mchanga hutoa sumu inayolegeza misuli, hata ile ya kupumulia. Mama mkwe wako hakukusudia ubaya. Katika kliniki nimeona maneno haya yakipokelewa vyema zaidi yakitoka kwa muuguzi kuliko kwa mkwe, basi nenda naye mtakapompeleka mtoto.

Tiba ya kawaida ni matone ya nistatini, yanayowekwa kidogo kidogo kila upande wa kinywa baada ya kunyonya, mara 4 kwa siku kwa muda wa siku 7 hivi, na kuendelea kwa siku 2 baada ya utando kwisha. Akina mama wengi huacha siku ya tatu kinywa kinapong'aa, na wiki inayofuata wanarudi. Wewe nawe utibiwe chuchu wakati huo huo, la sivyo mtaambukizana kwa zamu. Dawa ya fangasi iliyo nzito kama ute wa yai haifai kwa mtoto wa chini ya miezi 4, kwa kuwa inaweza kumkaba. Ile ya zambarau iitwayo GV ilitumika sana vizazi vilivyopita, na wapo wanaoitumia hadi leo, lakini mwaka 2019 mamlaka ya afya ya Kanada iliwaonya wananchi wake kuhusu uwezekano wa kusababisha saratani, na maadam nistatini inapatikana, sioni sababu ya kumpaka mtoto mchanga.

Endelea kunyonyesha. Mrudishe mtoto kituoni akikataa titi kabisa, akipata homa, au utando usipopungua baada ya wiki moja ya dawa.

Mjukuu wangu ana miezi 5, anaharisha na ana homa. Majirani wamemfungua kinywa wakaona vivimbe vyeupe kwenye ufizi upande wa chonge. Wanasema ni meno ya nailoni, na yasipotolewa mtoto atakufa. Yupo mzee anayeyatoa, lakini mama yake mtoto amekataa. Nani yuko sahihi? (Babu, Babati)

Mama yake yuko sahihi, mzee wangu, na ninaomba umsaidie kusimama na msimamo wake.

Vivimbe hivyo ni vya kawaida kabisa. Ndani ya ufizi wa mtoto wa umri huo chonge za utoto zinaendelea kujengeka, na kwa kuwa ni meno makubwa yanayojaza ufizi mapema huku yakichelewa kutoka, kwa kawaida kati ya miezi 16 na 22, ufizi juu yake huonekana umetuna na kupauka. Ukimfungua kinywa mtoto wa jirani asiyeharisha utaviona vile vile. Mganga anapochokoa na kuonyesha kitu cheupe na laini, anachokionyesha ni kichipukizi cha jino ambalo bado halijawa gumu, na wazazi wakikiona kilivyo laini huamini kweli kwamba ni plastiki.

Hatari zake si za kubahatisha. Kifaa huwa ni kisu, msumari au spoku ya baiskeli iliyonolewa, na kinaweza kuwa kimetoka kwenye kinywa cha mtoto mwingine. Watoto hufikishwa hospitalini wakiwa wamepoteza damu nyingi, damu yao imeingiwa na bakteria, au wamepata pepopunda; na virusi vya Ukimwi au vya homa ya ini vinaweza kupita kwa njia hiyo hiyo. Anayenusurika mara nyingi hukosa chonge za utoto, na zile za kudumu huota zimepinda au haziji kabisa, kwa sababu vichipukizi vyake vilikuwa jirani na pale palipochimbwa. Lililo baya zaidi ni kwamba kuharisha kunaendelea, na mtoto aliyekuwa amepungukiwa maji sasa ana kidonda kinachomzuia kunyonya.

Kinachompa hatari mjukuu wako ni kupungukiwa maji. Katika umri huu mtoto anaanza kutia mikono na kila anachokiokota kinywani, na mara nyingi ndipo anapoanzishiwa uji na maji, hivyo vijidudu vya kuharisha humfikia kwa urahisi. Anyonyeshwe mara nyingi zaidi, apewe maji ya chumvichumvi ya pakiti yaliyochanganywa kwa kipimo kilichoandikwa, na zinki kwa siku 10 hadi 14, ambazo kwa aliye chini ya miezi 6 huwa ni miligramu 10 kwa siku. Kwa kuwa ana homa pia, apelekwe zahanati leo, na waangalie kadi yake kama amepata chanjo ya virusi vya rota, ambayo ipo katika ratiba ya Tanzania tangu 2013. Macho yakizama, akilegea au akishindwa kunyonya, safari isingoje asubuhi.

Niongeze jambo ambalo hukuuliza, kwa sababu waganga hao hao huwa wanalifanya: kukata kimeo cha mtoto anayekohoa. Kimeo hakisababishi kikohozi cha muda mrefu. Nyuma yake huwa kuna nimonia, pumu au kifua kikuu, na kila siku inayopotea kwa mkata kimeo ni siku ya ugonjwa huo kukua.

Mimi ni mwanamume wa miaka 42. Kaakaa na ulimi vimefanya utando mweupe na chakula hakina ladha. Nimesoma kwamba hiyo ni dalili ya Ukimwi, na tangu hapo silali. Natumia inhela ya kahawia ya pumu asubuhi na jioni. (Jina limehifadhiwa, Mombasa)

Sentensi yako ya mwisho huenda ndiyo jibu. Inhela ya kahawia kwa kawaida huwa na dawa ya jamii ya steroidi, inayotuliza uvimbe kwenye mapafu. Sehemu kubwa ya kila mvuto hubaki kooni na kinywani, inapunguza kinga ya mahali hapo, na fangasi yule yule niliyemtaja kwa mtoto wa Tanga anapata nafasi ya kustawi. Usiiache, kwa kuwa pumu isiyodhibitiwa ina hatari kubwa kuliko utando. Kila baada ya kuvuta sukutua kwa maji, gogomoa hadi kooni, kisha tema. Muulize pia daktari wako kuhusu chupa ya kuvutia inayounganishwa na inhela, ambayo hupunguza dawa inayoangukia mdomoni. Utando uliopo sasa utatibiwa kwa nistatini au flukonazoli, na kama unameza dawa yoyote ya kuzuia damu kuganda, itaje kabla hujaandikiwa flukonazoli, kwani huongeza nguvu ya dawa hiyo hadi kuhatarisha maisha.

Hata hivyo, pima. Fangasi wa kinywa kwa mtu mzima huweza kuletwa na virusi vya Ukimwi, kisukari kisichogunduliwa, matumizi ya muda mrefu ya antibiotiki, au meno ya bandia yasiyovuliwa usiku, na vipimo vya virusi na vya sukari vyote viwili huchukua dakika chache. Majibu yakiwa mabaya, dawa zipo, na anayezianza mapema anaishi. Ukianza kuhisi chakula kinachoma kikishuka kifuani, usisubiri siku ya miadi: fangasi wameshuka kwenye umio, na tiba yake ni ndefu zaidi.

Kila nikipata homa au nikishinda juani hutokwa na malengelenge madogo pembeni mwa mdomo, yanawasha kwanza, kisha yanapasuka na kufanya gaga. Mume wangu anasema nimepata ugonjwa wa zinaa. (Msomaji, Unguja)

Mume wako akisoma hapa ajue kwamba virusi vya hapesi aina ya kwanza huingia kwa watu wengi wakiwa watoto, kwa busu la shangazi au kikombe cha pamoja, na Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba karibu theluthi mbili ya watu walio chini ya miaka 50 duniani wanavyo. Vikishaingia hubaki vimelala kwenye mshipa wa fahamu wa uso, na homa, jua kali au uchovu huviamsha. Malengelenge hupona yenyewe ndani ya siku 7 hadi 10. Dawa ya kupaka ya asiklovira husaidia ikipakwa pale tu unapoanza kuhisi muwasho; ukingoja gaga, umechelewa. Wakati yapo usibusu mtoto mchanga, ambaye kwake virusi hivi vinaweza kuua, usishirikiane kikombe wala kipaka midomo, na nawa mikono kabla ya kugusa macho.

Nina mimba ya miezi 5. Fizi zangu zimevimba na zinatoka damu nikipiga mswaki, kwa hiyo nimeacha kupiga mswaki upande huo. Nesi mmoja aliniambia mjamzito hagusi meno mpaka ajifungue. (Msomaji, Mwanza)

Rudisha mswaki upande huo leo, wenye nywele laini. Homoni za ujauzito huzifanya fizi ziwe wepesi wa kuvimba, lakini kinachozichokoza ni ukoga uliogandamana kati ya jino na ufizi, na ukiuacha kwa kuogopa damu, damu huongezeka. Fizi zikisafishwa vizuri, kwa kawaida damu hupungua ndani ya wiki moja au mbili. Ukoga uliokwisha kuwa mgumu, yaani ugaga, hauondolewi kwa mswaki wowote. Unatolewa kwa vifaa vya daktari.

Kuhusu kungoja ujifungue, hapana. Kusafishwa fizi, kuzibwa jino na hata kung'olewa kwa ganzi ya kawaida hufanyika kwa usalama katika ujauzito, na miezi uliyomo, wa nne hadi wa sita, ndiyo myepesi zaidi kwako kukaa kwenye kiti. Mweleze tu daktari kwamba una mimba, ili asikupe doksisaiklini, inayoharibu rangi ya meno ya mtoto aliye tumboni, na wala usijinunulie ibuprofeni au diklofenaki. Kama bado unatapika, usipige mswaki papo hapo, kwa sababu asidi ya tumboni imelainisha meno. Sukutua kwanza na usubiri nusu saa.

Katika kijiji ninachohudumia kuna mtoto wa miaka 3 aliyetoka kuugua surua. Amekonda, fizi zinatoka damu na kinywa kinanuka vibaya kupita kawaida, na kuna kidonda cha kijivu karibu na gego. Nimempa maji ya chumvi. Nifanye nini zaidi? (Mhudumu wa afya ngazi ya jamii, Tabora)

Mpeleke hospitali leo hii, na usimwachie mama yake barua ya rufaa akaenda peke yake. Mtoto aliyekonda, aliyetoka kwenye surua au malaria, mwenye kidonda kinachonuka kwenye ufizi, anaweza kuwa mwanzoni mwa noma, ugonjwa unaotoka kwenye ufizi na kula shavu na mfupa wa uso kwa siku chache. Huwapata zaidi watoto wa miaka 2 hadi 6 wenye utapiamlo, hauambukizi, na bila matibabu huua sehemu kubwa ya wanaoupata. Mwezi Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani liliuingiza katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yasiyopewa kipaumbele.

Katika hatua uliyoieleza, kabla shavu halijavimba wala doa jeusi halijatokea, antibiotiki, usafi wa kinywa na lishe ya tiba huusimamisha bila kuacha kovu. Likishatokea doa, hata akipona uso wake hautarudi ulivyokuwa. Ukifika hospitalini taja neno noma mwenyewe, kwa kuwa wahudumu wengi hawajawahi kuuona.

Meno ya watoto wetu yana madoa ya kahawia. Je, yameoza? (Mzazi, Arumeru)

Hayajaoza. Ni athari ya floraidi nyingi katika maji ya mlima Meru, inayoingia wakati jino linajengeka ndani ya ufizi, kabla ya umri wa miaka 8 hivi, nayo si maambukizi. Kuchemsha maji hakuondoi floraidi, bali huizidisha kwa kuwa maji yanapungua. Tafuteni maji ya mvua au chanzo kilichopimwa na kukutwa na chini ya miligramu 1.5 kwa lita, au chujio la mkaa wa mifupa la aina iliyoendelezwa pale Ngurdoto, na mpunguze magadi kwenye maharage na kande, maana nayo yana floraidi nyingi.

Wanafunzi wangu wengi hutumia mswaki wa mti, na wengine wananiambia ni wa kizamani. Je, unatosha kuzuia magonjwa haya? Na je, ni umri gani wa kuwaangalia watoto meno? (Mwalimu, Lamu)

Ukitumiwa vizuri unasafisha ukoga sawa na wa plastiki, na mti wenyewe una viambato vinavyopunguza bakteria. Kasoro ninazoziona ni mbili. Wengi hupiga meno ya mbele tu, yanayoonekana, wakaacha upande wa ndani na magego, ambako ndiko meno huanzia kuoza. Na nyuzi zilizochakaa hazikatwi, hivyo huchubua fizi badala ya kuzisafisha. Nyuzi zikatwe kila siku na ncha mpya itafunwe hadi ilainike. Jambo jingine ni kwamba mti hauna floraidi ya kutosha kulikinga jino, kwa hiyo anayeutumia mchana, kama wanavyofanya wengi mwezi wa Ramadhani, na apige mswaki wenye dawa ya meno ya floraidi usiku kabla ya kulala, kisha ateme povu bila kusukutua, ili dawa ibaki kwenye meno. Kwa aliye chini ya miaka 3 dawa iwe kiasi cha punje ya mchele, na kutoka hapo hadi miaka 6 iwe kiasi cha punje ya njegere, mzazi akishika mswaki mwenyewe.

Sukari nayo huhesabiwa kwa mara, si kwa kijiko tu. Mtoto anayekunywa chai tamu mara moja pamoja na chakula huyapa mate nafasi ya kuiondoa asidi. Anayenyonya kashata au visheti tangu mapumziko hadi jioni hayapi nafasi hiyo.

Kuhusu umri, waangalie hasa wenye miaka 6 na 7. Wakati huo gego la kwanza la kudumu huota nyuma ya magego yote ya utoto, bila jino lolote kung'oka kulipisha, na wazazi hulichukulia kuwa ni la utoto linalosubiri kutoka. Uso wake una mifereji yenye kina ambamo chakula hunasa, ndiyo maana mara nyingi huwa la kwanza kutoboka. Waketishe mlangoni penye mwanga, hesabu hadi jino la mwisho nyuma, na utakayemwona na doa jeusi au tundu hapo, waandikie wazazi wake wampeleke likazibwe kabla halijaanza kumuuma.